Mdogo Hulala Kwanza

Kisanduku alikiunda fundi Musyimi wa Gikomba
kwa vipande vilivyosalia kwenye kitanda cha mteja
aliyelipa nusu akapotea.
Vigae tisa kwenye waya wa mwavuli,
tarakimu zimechomwa kwa msumari wa moto.
Sita ana kovu: pale msumari uliteleza.

Sheria zinaenea nyuma ya risiti.
Rusha dadu mbili, jumlisha,
laza vigae vinavyofikisha jumla hiyo.
Saba, nane na tisa wakishalala, una ruhusa ya dadu moja.
Ukikosa wa kumlaza, umekwisha;
jumlisha waliobaki macho,
hilo ndilo deni lako.

Mimi ni karani wa duka la vyuma, barabara ya Kirinyaga.
Hata misumari ya inchi mbili naijua kwa idadi.
Wiki ile tokeni zilipoisha na mshahara bado,
nilichora jedwali kwa mwanga wa simu:
sita kwa sita, vyumba thelathini na sita,
kama ghorofa yetu hapa Huruma, ila hii haina kodi.
Saba ana milango sita ya kuingilia.
Kumi na mbili ana mmoja tu, sita na sita,
lakini akishaingia
vigae vina njia kumi na mbili za kumpokea:
tisa na tatu, nane na nne, saba na tano,
moja na mbili na tatu na sita...
Nilizihesabu mara tatu
nikidhani ni usingizi.

Nikaelewa.
Kigae kikubwa ni noti ya elfu,
kidogo ni chenji.
Mwuza mandazi saa kumi na mbili asubuhi
ukimpa elfu anakutazama tu.
Basi ondoa noti mapema, dadu zikiwa bado na huruma,
na moja na mbili uwafunge kwenye pindo la leso
mpaka mwisho, watakapokuokoa.

Kerubo, miaka saba, mtoto wa dada yangu,
hakulitazama jedwali.
Alirusha tatu na moja.
Nikasema, laza nne.
Akalaza moja na tatu.
Mbona?
"Mdogo hulala kwanza."
Na tisa je?
"Tisa ni mkubwa. Anamngoja mama."

Mama yake alikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi.

Michezo arobaini nimeiandika, yake na yangu.
Mimi nilikifunga kisanduku mara tatu.
Yeye kila mara alibakiza nane na tisa,
au tisa peke yake, amesimama
kama askari wa geti aliyesahauliwa na kampuni.
Nikamweleza: tisa huja kwa njia nne,
sita na tatu, tano na nne, na kinyume chake.
Nne kati ya thelathini na sita.
Moja kati ya tisa.
Hapo nikanyamaza mwenyewe.
Namba imebeba bahati yake mgongoni
na hakuna aliyeiambia.
Moja akibaki pekee, kwa dadu moja, ni moja kati ya sita.
Mdogo ana nafuu, lakini nani amwache mtoto macho?

Mchezo wa arobaini na moja ulikuwa karibu na alfajiri.
Tisa alisimama peke yake.
Kerubo alizipuliza dadu, akazirusha.
Moja ikatulia kwenye tano.
Ya pili ikabingirika chini ya kochi, gizani,
na simu yangu imeshazima.

"Ni nne," akasema.
Umeona?
"Nimesikia."

Chini, komeo la geti likalia,
na ngazini vile viatu vya mpira.
Akamlaza tisa kwa kidole kimoja, taratibu,
akakimbilia mlangoni.

Nilipofagia asubuhi niliipata karibu na ukuta,
haijaguswa na mtu: mbili.
Daftarini, safu ya arobaini na moja,
kwa wino, mwandiko wangu wa dukani,
nimeandika nne.