Kipindi cha Arobaini na Moja

Nilianza na swali moja, nimeliandika kwa wino mwekundu:
Siri yako ni nini?
Nikawauliza wote, kama karani wa mpakani anayedai pasi.

Chumba chetu kiko Himbi, nyuma ya duka la saruji.
Ukutani tumegongomea magodoro mawili
ili pikipiki zisiingie kwenye maneno ya watu.
Zinaingia.

Mgeni wa kwanza, Kasereka, mwenye chukudu,
ameteremsha viazi kutoka Kibumba miaka kumi na tisa.
Mwili unawezaje? nikamwuliza.
Nilitaka habari za mapafu, za msuli wa paja,
usiku kucha nilikuwa nimekariri maneno makubwa.
Akavua kandambili, akanionyesha soli:
kipande cha tairi, kimeliwa upande mmoja.
"Breki," akasema. "Kwenda, kila mtu anakwenda.
Mimi nalipwa kwa kusimama."

Nilicheka, nikarukia swali la nne.
Usiku, nikihariri, nikasikia kicheko changu
kimekanyaga neno lililokuwa linakuja.
Nikarudisha nyuma mara ishirini.
Halikuja tena.

Tangu hapo nahesabu moyoni hadi saba
kabla sijafungua mdomo.
Si adabu. Ni njaa.

Kavugho, mkunga, alinifikisha kumi na moja,
nikadhani mashine imezima.
Kisha: "Usiku ule mlima ulipofunguka
tulibeba wazazi wanane hadi barabara ya Sake.
Miguu yangu haikuniuliza kama naweza."
Akaomba maji.
Mlio wa glasi sikuufuta.

Golikipa Mugisho hakumbuki mkwaju hata mmoja aliodaka.
Anakumbuka ule uliopita chini ya kwapa, mwaka ule wa mvua,
na rangi ya viatu vya aliyeupiga.

Na yule bwana wa tai, je?
Alinipa hatua saba za ushindi,
zimenyooka kama misumari mipya.
Kipindi chake ndicho kilichosikilizwa kuliko vyote.
Nami, niseme kweli, nilivimba kichwa wiki nzima;
nikaamka saa kumi alfajiri,
nikaoga maji ya baridi kama alivyoagiza,
nikapata mafua.

Jana umeme ulikatika katikati ya kipindi cha arobaini na moja.
Mgeni akaaga. Tukabaki mimi na Nabintu wa mitambo,
ambaye kwa miaka mitatu
huleta betri ya gari kutoka Birere, kichwani,
juu ya mawe meusi yanayokata viatu,
na hajachelewa hata siku moja.
Sikuwahi kumwuliza kitu ila: Tayari?

Nikamsogezea maikrofoni. Sikuwa na karatasi.
Siri yako, nikaanza,
naye akavaa visikizio, akainua kidole:
"Nyamaza kwanza. Nisikie chumba."

Tukanyamaza.
Pikipiki. Mbwa. Tone moja moja juu ya bati.
Na pumzi fupi ya mtu mwenye haraka,
karibu mno na kinasa sauti.

"Unaisikia?"

Ilikuwa yangu.

"Hiyo," akasema,
"nimeifuta mara arobaini."