Kiti cha Taruma

"Hiki ni kiti au pambo?" aliuliza mteja wa Milimani.
Kalia, nikamwambia. Akapapasa tu.

Ni taruma la reli, nililinunua bei ya kuni
nyuma ya stesheni ya Nakuru.
Tundu la msumari nimeliacha wazi;
jua likipiga, linanuka lami na safari.

Fundi Simiyu alinicheka: "Miguu mitatu, Njambi?"
Minne hudai sakafu iliyonyooka, nikamjibu,
na mji huu umekaa juu ya nyufa.

Juzi nilipita kudai salio.
Kiti kimesukumwa pembeni, juu yake chombo cha maua.
Bintiye akaingia kutoka shule,
akayatua maua sakafuni,
akaketi, akafungua kamba za viatu.

Salio nikasahau kulidai.