Haufungi

Chumba cha nyuma, Mtaa wa Jamhuri,
juu ya duka la vipuri vya cherehani.
Muhuri wangu wa mfasiri aliyeapishwa umekauka wino.
Mezani, kurasa kumi na moja kutoka Geneva;
mbele yangu Bi Sikudhani Pazi,
na chupa ya chai, na mfuko wa risiti.

Kamati imesoma habari za mwanawe.
Kamati inapendekeza aachiwe.
Nimekwama hapo tangu adhuhuri:
inapendekeza, inashauri, yafaa, ingefaa,
kila neno nililopima limetoka jepesi mizanini,
na lile zito, *lazima*, si langu kulitia.

"Kwa hiyo wanashauri tu?"
Wanashauri, mama.
"Na kule Kisutu wanasema shauri la mwanangu limeahirishwa.
Ni shauri hilohilo?"

Nikammiminia chai.

Alhamisi Wakili wa Serikali Rwegoshora
alisimama na kurasa zake ishirini na nne.
Mheshimiwa, waraka huu haufungi.
Haufungi, mara saba
(nilihesabu, riziki yangu ni maneno),
na kila mara Bi Sikudhani aligeuka kuutazama mlango,
maana kwake yeye kinachofunga ni Keko:
geti, miezi thelathini na moja,
ugali wa nyumbani unaochomwachomwa kwa kijiti
kabla haujaingia ndani.

Hakimu akavua miwani.
"Wakili, kitu kisicho na nguvu,
mbona mmekuja watatu kukisukuma?"
Watu wakacheka. Karani akagonga meza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa.
La asiye mkuu je?
La jirani anayechungulia uani,
"Mwenzangu, hicho chungu hakiungui?"
Hana amri juu ya jiko lako.
Ila harufu imemfikia,
na sasa unajua kwamba imemfikia.

Uamuzi, tarehe kumi na tisa.
Pembeni mwa jalada hakimu ameandika kwa mkono:
*Umesomwa.*
Bi Sikudhani akaniuliza neno hilo lina uzito gani.
Nikasema sijui, sijawahi kulifasiri.

Akatoa nakala nyingine, shilingi mia kwa ukurasa,
akaipeleka Keko pamoja na chakula.
Anasema askari wa zamu aliusoma wote,
amesimama, midomo ikicheza,
na siku hiyo
hakuuchoma ugali.