Chupa na Bomba

Maganda ya mise tuliyachoma Mwandiga,
tukayapuliza mvuke hadi yakaamka.
Leo mkaa uko mezani, mwepesi,
nusu gramu juu ya kipande cha gazeti.

Kwanza chupa.
Maji ya Luiche, ya masika, rangi ya chai isiyo maziwa.
Nikatia mkaa, nikafunga, nikatikisa,
nilipochoka akatikisa Dafroza;
mashine ya kutikisa iliungua tangu Februari.
Mle ndani hakuna mwenye haraka.
Maji hayana pa kwenda, mkaa hauna mgeni mwingine,
vinazungukana, vinazoeana,
saa ishirini na nne, mpaka vinaambiana: basi, yatosha.
Asubuhi nikachuja. Meupe pe.
Nikapiga hesabu, nikaandika kwa wino:
siku kumi na tisa.

Mwalimu Bitariho wa Gungu alikuwa mlangoni,
anataka kujua tu, mkaa wa tangi la shule
aubadilishe lini.
Nilishanyoosha mkono na karatasi.

"Huko shuleni," akasema Dafroza, "atatikisa nani?"

Bomba, basi. Urefu wa mkono wangu.
Pamba, changarawe, mkaa, changarawe tena,
maji yanaingia juu na kutoka chini bila kuaga.
Tone linapita ubavuni mwa mkaa
kama mtu wa soko la Mwanga anayesalimu huku anatembea:
likishikwa, limeshikwa;
lisiposhikwa limeondoka,
na nyuma yake lipo jingine, na jingine.
Tabaka la juu hushiba kwanza.
La chini hushtukia zamu imefika.
Kwa nje huoni kitu: mkaa ulioshiba
na mkaa wenye njaa, weusi wao ni mmoja.

Siku ya tatu, safi. Ya tano, safi.
Ya saba, alfajiri, umeme umekatika,
nikainua glasi dirishani upande wa ziwa:
umanjano, hafifu,
kama kucha ya mvuta tumbaku.

Chupa haikunidanganya.
Niliiuliza mkaa unaweza kubeba kiasi gani, ikanijibu.
Sikuiuliza utabeba kiasi gani ukisukumwa.
Mimi pia, nifungie chumbani na deni moja
usiku kucha, nitalipatia njia.
Mchana, yakija yakipishana,
mengi hunipita nikiyatazama.

Kumi na tisa nikaikata kwa mstari mmoja, isomeke bado.
Chini yake: sita.
Mwalimu akazisoma zote mbili.
"Hii ya juu ni ya nini?"
"Ya chupa," nikasema.
Akaikunja karatasi mara nne,
akauliza gunia la maganda ni shilingi ngapi.