Haichomi

Kwanza nadondosha tone la maji
juu ya kichwa cha mashine nilichokigeuza kama kikombe.
Nabonyeza. Tone linatetemeka, linapasuka, linakuwa ukungu.
Sauti ipo, basi,
ingawa hata mbwa wa Kadutu hawaisikii.

Mama Nsimire amelala kifudifudi.
Paji lake bado lina mstari wa kamba:
miaka kumi na tisa ya unga wa muhogo
kutoka ziwani hadi sokoni, mlima mzima kwa shingo.

Nilimpima kwa chupa mbili, ya maji moto na ya baridi,
akijibu huku amefumba macho.
Alipatia kote, ila penye kovu, chini ya bega.
Pale alisema "moto" kwa zote mbili.
Nikapazungushia wino. Pale sipiti.

Jeli. Duara, duara jingine juu ya duara.
Mkono ukisimama joto hutuama,
na mfupa ndio wa kwanza kuungua
wakati ngozi juu yake ingali baridi.

"Inachoma?"
"Hapana, dokta. Iko muzuri."

Nukta nane. Dakika ya pili.

"Inachoma?"
"Hapana. Endelea."

Saa ya mashine inahesabu dakika, haihesabu nyama.
Hakuna mshale wa kuniambia
kule chini, vidole viwili ndani, nyuzi zimefikia joto gani.
Ngozi nyeusi haitangazi wekundu wake.
Nina neno lake tu,
na neno lake lilifundishwa "hapana"
kabla halijafundishwa kuhesabu.

Kwa hiyo natazama miguu.
Dakika ya tatu, kidole gumba cha kushoto
kinajikunja taratibu,
kama kinachoshika ukingo wa njia yenye utelezi.
Nashusha: nukta tano.
Kinajikunjua.

"Umepunguza," anasema ndani ya tundu la kitanda.
"Nilikuwa naweza."
"Najua."

Dakika ya sita umeme unakatika.
Mkono wangu unazunguka bado, mara mbili, tatu,
juu ya jeli inayopoa, hauna habari.
Nafuta. Naweka kiganja pale pale
kutafuta kilichobaki: uvuguvugu, kama kiti
alichotoka mtu sasa hivi.

Anajifunga kitenge. Anatafuta viatu gizani.
"Kidogo tu, ilichoma," anaiambia sakafu.
"Na juma lililopita."

Namulika kadi yake kwa simu.
Juma lililopita, kwa mwandiko wangu:
*hakuna malalamiko.*