Kisogo

Wanasema akupaye kisogo si mwenzio.
Aliyesema hivyo hajawahi kusuka nywele.
Miaka kumi na mmoja Kondele, nyuma ya duka la mbegu,
wanawake walinipa visogo vyao
na pamoja na visogo, yote:
mume aliyehamia Ahero bila kuaga,
uvimbe ambao hajamwonyesha mtu,
mtoto ni wa nani hasa.
Mtu husema upesi akiwa hakutazami
na kichwa chake kimo mikononi mwako.

Kisha kipindupindu kikaja na mvua ya Aprili.
Visima vya Nyalenda vikafungwa mnyororo,
wateja wakaogopa vidole vyangu.
Kaunti ikatafuta watu wa kujibu simu.
Mafunzo siku tatu, chai ya rangi,
karatasi ya maswali ndani ya plastiki:
Umelala? Umekula? Kuna mtu karibu nawe?
Umewaza kujidhuru?
Bwana Wandabwa, mkufunzi, akatuonya:
msiahidi kitu. Msiseme yatakwisha.
Nikacheka kidogo. Msusi gani hajui hilo,
nywele zikimbakia kwenye kitana?

Chumba chetu kilikuwa stoo ya vyandarua.
Bado kinanuka dawa ya mbu, na juu yake klorini.
Simu nne, moja imeshikwa kwa selotepu.

Usiku wa kwanza mtu alipiga akanyamaza.
Nilisikia maji tu. Yanamwagika, yanakoma, yanamwagika.
Nikahesabu mara tisa.
Nikasema: mama, ipumzishe hiyo ngozi.
Maji yakakoma.
"Umejuaje kama mimi ni mama?"
Nikamwambia, hakuna anawaye hivyo
kwa ajili ya mikono yake peke yake.

Ogweno wa Obunga hupiga saa nane na robo.
Baba yake aliingia kwenye hema Jumanne akitembea,
Alhamisi akatoka ndani ya mfuko,
amebebwa na wanne waliovaa buti za mpira.
Hakuna matanga. Hakuna ng'ombe waliokimbizwa.
Kaburi likafukiwa kabla dada zake hawajafika
kutoka Siaya.
"Nitajuaje," ananiuliza, "kwamba walimzika yeye?"

Nikaitazama karatasi, mbele na nyuma.
Nikauliza nilichozoea kuuliza:
nywele zake zilikuwaje?

Kimya. Mbwa wa Obunga, mbali.
Halafu: nyeupe upande mmoja.
Alijinyoa mwenyewe kila Jumamosi, kwa wembe,
akibakiza kishungi hapo nyuma asipopaona.
Miaka yote tulikiona, sisi watoto sita,
na hakuna aliyemwambia.
Akacheka. Nami nikacheka,
jambo ambalo halimo kwenye mafunzo.
Kicheko kikamgeuka katikati ya njia.
Simu yetu ni ya bure;
alilia mpaka betri yake ikaisha.

Sitasema kila usiku ni hivyo.
Kuna msichana aliyesema "samahani, nimekosea namba"
kwa sauti ya mtu ambaye hakukosea.
Nimempigia mara tatu. Hapatikani.
Namba yake ninayo kwenye kiganja, kwa kalamu,
na nanawa nikiizunguka.
Wandabwa anasema ndiyo kazi ilivyo,
kisha anatoka nyuma ya tangi
na kurudi na uso uliolowa.

Alfajiri nafika nyumbani, naacha viatu nje kwenye beseni.
Apondi yuko macho, shule zimefungwa,
ameshika kitana, anakaa chini kati ya magoti yangu
na kunipa kisogo.
Muda mrefu hasemi.
Halafu, akiutazama ukuta:
"Mama, na wewe umelala?"

Nikagawa nywele.
Mstari wa kwanza ulikwenda upande.