Koti la Chuma

Karatasi yangu imejaa namba tangu alfajiri:
shinikizo, kipenyo, unene wa ukuta.
Nazzareno anachungulia juu ya bega langu,
ananuka grisi na tumbaku.
"Ersilia, kama unaogopa itapasuka
ongeza chuma. Hapa Terni chuma tunacho."

Namchorea duara ndani ya duara.
Mafuta yakisukuma, namwambia,
ngozi ya ndani ndiyo inayovutwa kwanza, na zaidi;
sogea nje kidogo, mkazo umeshuka,
na kule ukingoni chuma kimelala.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Ukiongeza unene, unaongeza walalaji.

Anacheka mpaka anakohoa.
"Kama zamu yetu ya usiku!
Wa mlangoni mwa tanuri anaungua,
wa nyuma anauliza saa ngapi."

Ndiyo. Kwa hiyo ukuta tumeugawa.
Bomba la ndani tumelichonga pana makusudi,
nusu milimita kuzidi tundu la koti lake:
kwa baridi haliingii, hata ulipigie magoti.
Koti liko tanurini, nyuzi mia tatu na ishirini,
linapanuka polepole, linajisahau.

Saa tisa kasorobo winchi inalia.
Koti linaning'inia, halina wekundu, halina moshi,
ila mate ya Nazzareno yanarukaruka juu yake kama shanga.
Likikwama katikati
miezi mitano imekwenda na maji ya mto Nera.
Shusha.
Shusha. Kushoto, unywele mmoja.
Samaki mkunje angali mbichi,
chuma kivishe kingali moto.
Shusha.

Limekaa.

Baridi ikaanza kazi yake, tik, tik,
kama mtu anayevunja vidole gizani.
Koti lataka kurudi udogo wake, bomba limeziba njia.
La nje linavutika, la ndani linabanwa,
hakuna anayeshinda. Ndivyo nilivyotaka.
Siku mafuta yatakaposukuma
yatakuta bomba liko chini ya sifuri;
yatalipa kwanza deni la kubanwa
ndipo yaanze kulivuta.
Na koti litakuwa macho.

Usiku Nazzareno akagusa ukuta kwa mgongo wa kiganja,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Haijaanza kazi, na tayari imebanwa hivi.
Inaumia?"

Nikatazama karatasi.
Safu hiyo sikuwa nimeichora.